Vidonge vya Manjano

Muuguzi Esnah aliimimina bahasha ya kaki juu ya kiganja chake, akavitazama vidonge vilivyobaki, kisha akamtazama msichana aliyeketi mbele yake kwa muda mrefu kuliko ule unaohitajika kutazama vidonge.

"Ni nani aliyekupa hivi, mama?"

"Mume wangu."

"Kumbe una mume?"

"Ndiyo," akajibu Samsam, kisha akajirekebisha upesi. "Hapana. Nikaha imefungwa, lakini bado sijapelekwa kwake."

"Ndiyo na hapana ni watu wawili, nami humu ndani nina kiti kimoja," akasema Esnah. "Amua ni yupi kati yao aliyekikalia."

Samsam hakucheka. Alikuwa amekuja Keumbu kwa sababu mjini Kisii hapakuwa na duka la dawa ambalo angeingia bila ya kuulizwa habari za baba yake. Baba huyo, Sabir, alikuwa akiuza vitambaa katikati ya mji tangu kabla binti huyo hajazaliwa, na nusu ya mji ilikuwa imevaa alichouza. Hapa Keumbu hakuna aliyemjua. Mvua ilipiga bati la kituo cha afya kwa nguvu, na wanawake waliokuwa na watoto wa kupigwa chanjo walijibanza ukumbini huku wakizungumza Kikisii, lugha aliyoielewa zaidi ya walivyodhani.

"Mimi ni mke," akasema hatimaye. "Harusi ndiyo haijafanywa."

Na huo ndio uliokuwa ukweli. Kwa watu wa nyumba yao, nikaha huwa na siku yake, na kumpeleka bibi arusi kwa mumewe huwa na siku yake. Baina ya siku hizo mbili msichana huwa mke katika dini, ila hubaki chini ya dari ya baba yake, na mumewe humwona mbele za watu tu. Samsam na Rashad walifungishwa ndoa baada ya Idi. Harusi ilipokaribia, bibi yake Rashad, mzaa mama yake, akafariki huko upande wa ziwa. Rashad alikwenda kumzika. Mama yake, Akumu, alikuwa Mkristo na hakuwahi kuliacha kanisa lake. Basi Rashad alikaa matangani pamoja na wajomba zake, akanyolewa nywele kama wajukuu wengine walivyonyolewa.

Alirudi na kichwa kitupu. Kichwa hicho ndicho alichokiona Adeer Gulled, yaani ami Gulled, ndugu mkubwa wa baba yake Samsam, naye tangu siku hiyo hakutaka kuona kingine. Alisema mtu aliyenyoa kwa mila za matanga hakuwa mkwe wao. Alisema nikaha ivunjwe mapema, kabla msichana hajapelekwa, ili atoke bila ya kukaa eda na aolewe na mtu wa kwao. Sabir hakusema ndiyo wala la. Alikuwa akikunja vitambaa na kuvikunjua.

"Ehe, niambie sasa kilichokuleta," akasema Esnah, na safari hii sauti yake ilikuwa imeshuka.

Samsam alieleza akiwa ameinamisha uso. Jumapili alikwenda Keroka na shangazi yake Deka kutundika mapazia katika nyumba waliyopangishiwa yeye na Rashad. Mapazia hayo aliyashona mwenyewe, rangi ya zambarau, yenye ukingo mweupe. Shangazi alitoka kwenda sokoni kutafuta vikulabu vya kutundikia, mvua ikamkamata huko. Rashad alikuja kumshikia ngazi. Godoro lilikuwa bado limo ndani ya nailoni yake. Hakueleza zaidi ya hapo, na Esnah hakumwuliza.

"Niliogopa mimba. Kwenda dukani sikuweza. Mume wangu anafanya kazi katika duka la dawa huko Keroka. Nikamwomba aniletee kile kidonge cha dharura. Jumatatu aliniletea bahasha hii. Aliniambia nimeze kimoja kila asubuhi mpaka viishe. Jana nilitapika. Sikujua kama dawa ilitoka au ilibaki. Ndiyo sababu nimekuja."

Esnah alivirudisha vidonge ndani ya bahasha kimoja baada ya kingine. Vilikuwa vidogo, vya manjano, mfano wa punje za mtama.

"Sikiliza, mwanangu. Kidonge unachokisema hakihesabiwi kutoka kwenye kopo. Huja kimefungwa kiwandani, katika kijisanduku chake, kimoja au viwili, na huuzwa hivyo hivyo kwa yeyote anayekihitaji, bila ya karatasi ya daktari. Hakimezwi kila asubuhi. Humezwa mara moja, mapema kadiri mtu awezavyo, basi. Anayefanya kazi katika duka la dawa hawezi kulikosea hilo."

"Basi hivi ni nini?"

"Ni asidi ya foliki."

"Inafanya nini?"

Esnah alisimama, akaurudishia mlango uliokuwa umeachwa wazi kidogo, akaketi tena.

"Twawapa wanawake wanaotarajia kupata mimba. Humsaidia mtoto aumbike vizuri uti wa mgongo."

Mvua ilikuwa ikinyesha vile vile. Samsam aliitazama bahasha na kuikumbuka Jumatatu asubuhi, mlango wa nyuma wa duka la baba yake, Rashad akimfungulia chupa ya maji. Alikumbuka jinsi alivyomtazama alipokuwa akimeza. Macho yake yalikuwa na unyevu. Hayakumwacha mpaka kidonge kilipopita kooni, kisha akambusu kwenye paji la uso na kumwambia, "Mungu akulinde." Mchana kutwa alitembea na busu hilo usoni kama mtu aliyepakwa manukato. Aliuchukulia unyevu ule kuwa ni mapenzi.

Lililomuumiza zaidi ni kwamba huenda yalikuwa mapenzi kweli.

"Nimechelewa?" akauliza.

"Jumapili mpaka leo Jumatano. Hujachelewa, ila mlango umeanza kufungwa. Kile kidonge cha kawaida hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya siku tatu. Baada ya hapo bado chaweza kusaidia mpaka ya tano, lakini nguvu yake huwa imepungua. Kipo kingine kinachodumisha nguvu mpaka siku hiyo ya tano, ila hapa kwetu hatunacho, na madukani si rahisi kukipata. Na ipo koili, ile inayowekwa ndani ya kizazi."

"Koili huwekwa mwanamke aliyekwisha kuzaa."

"Nani alikwambia? Wanawake wa sokoni? Huwekwa hata ambaye hajazaa. Ile ya shaba ikiwekwa ndani ya siku tano huzuia kuliko kidonge chochote, na huendelea kukulinda kwa miaka. Siku ukitaka mtoto, unakuja inatolewa. Mimi mwenyewe huiweka, na hapa hutalipishwa."

"Na kama mimba imekwisha kuingia?"

"Tutapima kwanza, nami nitakuuliza habari za mwezi wako. Na ujue hili: kidonge cha dharura hakitoi mimba. Huchelewesha yai lisitoke. Mimba ikiwapo tayari, hakiigusi. Watu wanaokiita dawa ya kutoa mimba husema wasilolijua."

"Mume wangu itabidi aje atie sahihi?"

Esnah aliikunja midomo yake. "Mwili ni wa nani?"

Samsam aliufikiria mwili wake kana kwamba ameulizwa habari za mtu wa mbali. Kisha akamfikiria dada yake, Istarlin. Istarlin aliachwa akiwa na mimba. Eda yake ikamalizika siku aliyojifungua, na mtoto alipoacha ziwa, watu wa upande wa baba walikuja na gari safi na maneno mazuri, wakamchukua. Mpaka leo Istarlin huamka asubuhi na kupika uji wa watu wawili, akakumbuka, akamwaga.

"Niwekee koili," akasema. "Sitaki tena kutegemea mkono wa mtu mwingine."

Esnah alipomaliza, alimfunika kwa shuka na kumwacha alale kidogo. "Tumbo litakukaza leo na kesho," akamwambia. "Hilo ni la kawaida. Ukipata homa, au maumivu yakizidi, urudi bila kuona haya. Na mwezi wako ukichelewa zaidi ya juma moja, uje tupime."

Samsam alipokuwa akijifunga ushungi, Esnah aliishika bahasha.

"Hii niitupe?"

"Hapana. Nipe. Ina mwenyewe."

*

Nyumba ya Keroka ilikuwa nyuma ya barabara kuu, mahali ambapo ngurumo za malori yanayopanda kuelekea Kericho husikika sakafuni kabla ya kusikika masikioni. Samsam alifungua kwa ufunguo wake. Mapazia ya zambarau yalikuwa yameufanya mchana wa mvua kuwa mweusi zaidi. Aliketi kwenye kiti cha pekee kilichokuwamo, akaiweka bahasha mezani na kumpigia simu Rashad.

Rashad aliingia akitweta, mabega yameloa, mkononi amebeba kichane cha ndizi za kuiva. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuota tena, fupi, laini, na Samsam alijichukia kwa kutamani kuzipitishia mkono.

"Umekuja peke yako? Shangazi Deka yuko wapi?" Hakungoja jibu. "Umekula? Usikae na njaa, Samsam. Kula ndizi moja kwanza. Uso wako umepauka."

"Tangu lini umeanza kuuangalia uso wangu kama umepauka?"

"Mke wangu nisimwangalie?"

Tumbo lilimkaza. Aliupeleka mkono chini ya kitovu bila ya kukusudia, na macho ya Rashad yakaufuata mkono huo, yakatua pale, yakakaa. Yalikuwa macho yale yale ya Jumatatu. Wakati huu Samsam aliyasoma vizuri.

"Ni mapema mno kutazamia lolote hapo," akasema. "Wewe mtu wa dawa ungepaswa kujua."

Ndipo Rashad alipoiona bahasha. Aliziweka ndizi chini taratibu kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Samsam..."

"Usiseme ulikosea kopo. Sema lolote, ila hilo usiseme."

Lori lilipita. Vikulabu vya mapazia vikalia kidogo.

"Sikukosea," akasema Rashad.

"Ahsante."

"Naomba unisikilize."

"Nimepanda milima yote hii nije kukusikiliza. Sema."

Rashad aliketi juu ya godoro, na nailoni ikalia chini yake. Sauti hiyo iliwaaibisha wote wawili. Akainuka, akabaki amesimama.

"Adeer Gulled anataka kuivunja nikaha yetu. Juma hili. Mimi nilimfanya nini? Nilimzika bibi yangu. Bibi aliyenilea mama alipokuwa kazini! Ningekataa kunyolewa, wajomba wangu wangesema Uislamu umenifanya nisahau titi nililolelewa nalo. Nikanyolewa, ami yako akasema mimi si mtu. Niende wapi? Nikajua hakuna neno nitakalolisema likamwingia. Ila mtoto... mbele ya mtoto hata Adeer Gulled angenyamaza."

"Kwa hiyo ukaamua mimi niwe neno lako."

"Niliamua tusitenganishwe!"

"Nilikuomba kitu kimoja, Rashad. Sikukuomba dhahabu, sikukuomba nyumba. Nilikwambia naogopa. Nilikutajia Istarlin. Nilikwambia siwezi kuingia dukani kwa sababu ya jina la baba, na wewe ndiye uliyekuwa mkono wangu. Ukanijazia mkono huo kitu kingine, ukanifungulia na maji, ukanitazama nikimeza."

"Nilikuletea kisichodhuru."

"Uliniletea kinachomnufaisha mtoto." Aliisukuma bahasha upande wake. "Ungeniletea vidonge vya chokaa ningekuelewa kidogo. Ungekuwa umenidanganya tu. Lakini ulichagua, ukatafuta kilicho kizuri kwa mwanao, ukanitengeneza kama shamba. Na ulikuwa ukinipenda wakati huo huo. Niliona. Hilo ndilo sijui niliweke wapi."

Rashad alijifuta uso kwa kiganja. "Nitakwenda sasa hivi nikuletee chenyewe. Bado..."

"Usijisumbue. Nimetoka Keumbu. Nimewekewa koili."

Alimwona akilipokea neno hilo. Halikumkasirisha, lilimpunguza. Alionekana kama nguo iliyotolewa mtu ndani yake.

"Bila ya kuniambia?"

Samsam alimtazama tu, mpaka Rashad mwenyewe akalisikia swali lake, akainama.

Simu ililia. Jina la baba yake liliwaka mezani, kando ya bahasha. Rashad alilisoma kabla yake.

"Aabo," akaitika Samsam.

"Samsam." Sauti ya Sabir ilikuwa ya mtu aliyesimama kando na wenzake. "Gulled yuko hapa dukani. Amekuja na sheikh. Kuna swali moja, nami sitaki nilisikie kutoka kwa Deka wala kwa mtu mwingine. Nitaliuliza mara moja, na utakalolijibu ndilo nitakalolirudisha kwao."

"Uliza, Aabo."

"Wewe na Rashad, mmekaa faragha kama mume na mke?"

Rashad alisikia. Nyumba ilikuwa ndogo, na Sabir alikuwa mtu aliyezoea kupaza sauti sokoni. Midomo ya Rashad ilitamka bila ya sauti: sema ndiyo. Aliifumbata mikono yake kifuani. Ndiyo moja tu, na Adeer Gulled asingeweza tena kusema kwamba msichana hajafika kwa mumewe. Na hapana moja tu, Samsam angetoka jioni ile ile, huru, bila ya eda, bila ya mtu kujua kwamba nailoni ile ya godoro iliwahi kulia.

Alifumba macho.

"Ndiyo, Aabo."

Rashad alitoa pumzi kama mtu aliyevutwa kutoka majini. Samsam alisubiri pumzi hiyo iishe.

"Mimba nimeikinga, na si kwa msaada wake," akaendelea. "Nami naomba aniache. Tafadhali waambie yote mawili pamoja. Usiwaambie moja."

Upande wa pili palisikika mtu akiuliza bei ya kitambaa, na sauti ya Adeer Gulled ikimfukuza.

"Unajua kwamba kwa jibu hilo kuna eda?" Sabir akauliza.

"Najua. Nitaikaa."

"Watu watajua."

"Najua, Aabo."

"Amekupiga?"

"Hapana."

"Amekufanya nini?"

Samsam alimtazama Rashad, na nywele zake changa, na mabega yaliyoloa. "Nitakueleza nikifika nyumbani. Wewe peke yako."

Sabir alikohoa.

"Huko kunanyesha?"

"Kunanyesha."

"Jifunike vizuri," akasema, kisha akakata simu.

Rashad alikuwa amepiga magoti, hakujua mwenyewe ni saa ngapi alipofika sakafuni. "Samsam, kwa nini? Kama ulitaka kuniacha, ungesema hapana. Ungetoka leo. Hakuna ambaye angekunyoshea kidole."

"Uongo ungenitoa upesi, naam."

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu mmoja wetu amekwisha kusema uongo juu ya mwili huu. Sikutaka tuwe wawili."

Alisimama. Tumbo lilimkaza tena, akajishikiza kwenye meza mpaka lilipolegea. Rashad alinyosha mkono kumsaidia, mkono ukabaki hewani, ukarudi.

"Sitamki talaka," akasema kwa sauti ya chini. "Ulimi wangu hauwezi."

"Utaitamka mbele ya sheikh. Bibi yako ulimzika kwa sababu uliona ni haki yake. Nami hii ni haki yangu."

"Na eda si mwisho. Talaka ikiwa moja, mume huweza kumrejea mkewe ndani ya eda. Nitakuja, Samsam. Kila Ijumaa nitapita dukani kwa baba yako. Atanifukuza, nitapita tena."

Samsam aliufunga ushungi wake. Hii ndiyo iliyokuwa saa ya kumwambia asije. Alikuwa ameliandaa neno hilo tangu Keumbu, akalirudia njia nzima: usirejee. Neno lilifika kwenye ulimi. Alimtazama mtu huyu aliyepiga magoti kando ya kichane cha ndizi alizomletea ili asikae na njaa, na neno likakaa pale pale, halikutoka wala halikurudi.

Aliufungua mlango. Ubaridi wa mvua ukaingia, ukayatikisa mapazia ya zambarau na ukingo wake mweupe, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba upande mmoja aliushona mfupi kuliko mwingine.

"Mapazia yaache yalipo," akasema akimpa mgongo. "Jioni taa ikiwaka, watu wa Keroka huona kila kitu. Wasikuone ukilia."